Kanuni ya Tarishi

6 Februari

Baba mdogo, shikamoo.

Hali yako na ya mama mdogo? Goti lake limetulia au bado linamwamsha? Sisi huku hatujambo, kwa maana ya kwamba tunakula na tunalala. Mama bado anapokea wageni waliochelewa kutoa pole. Anawashukuru vizuri, wakishaondoka ananiuliza walikuwa akina nani. Cherehani yangu imekwenda kwa fundi mara ya tatu, na nina sare za shule hamsini na mbili za kushona kabla ya katikati ya Machi. Ukisikia nimekufa, ujue ni vifungo.

Nakuandikia kwa sababu simu yako inaita tu. Mtu aliyefanya kazi posta miaka thelathini anatakiwa ajibu ama simu ama barua, achague mwenyewe.

Jambo lenyewe ni chumba cha baba. Mwenye nyumba anaitaka nyumba yake mwisho wa Julai, na mama anahamia kwangu. Vitanda vitapita mlangoni, kabati litapita tukilibembeleza, lakini meza ya baba haipiti. Aliiundia humo humo ndani, mita tatu kwa mbili. Juu yake mchezo wake wa vita bado umepangwa: vilima vya maboksi, barabara ya mchanga uliogandishwa kwa gundi, kiwanda cha matofali chenye tanuru mbili, na askari wa urefu wa kidole gumba, kila mmoja na uso wake. Waliomo kiwandani nimewahesabu. Ni kumi na tisa.

Ningewafagia wote kwenye ndoo siku moja nikamaliza. Lakini siku mbili kabla hajatutoka, baba alinishika mkono akasema, "Zamu ni ya mdogo wangu. Msiivunje meza kabla hajacheza." Nikamwambia sawa, kama mtu anavyomkubalia mgonjwa. Sasa hiyo sawa inanidai.

Kama huwezi kuja, nifundishe nicheze zamu yako kwa niaba yako. Nimejaribu kuusoma Mkusanyo wa Kanuni peke yangu. Faili nne, kurasa mia sita na kitu, zote kwa mkono wa baba. Nilianza ukurasa wa kwanza kama mtu mwenye adabu. Kufika wa tatu nikaambiwa nitazame 2.14, 2.14 ikanituma 9.3; 9.3 ikasema "isipokuwa kama ilivyoelezwa 2.14". Nikafunga faili nikarudi kwenye vifungo.

Jambo jingine. Chini ya barabara baba aliweka kalvati, bomba la saruji la kupitishia maji, dogo la kuingia kidole. Ndani yake nimemkuta askari mmoja na baiskeli yake, amelazwa juu ya pamba. Huyo ni nani, na kanuni ipi inamruhusu kukaa humo?

Usinicheke, ila nikitaka kuingia chumba kile najikuta nabisha hodi. Mama naye akipita mlangoni ananong'ona, kama mle ndani kuna mtu anapiga hesabu.

Binti yako,
Sindano


3 Machi

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimeifurahia, hata pale uliponisema. Goti la mama mdogo linamsumbua asubuhi, jioni linasahau. Anatembea na fimbo ya ufagio na hataki kununuliwa mkongojo, anasema mkongojo ni wa wazee. Mimi tangu nistaafu mikono haitulii. Juzi jirani alikuja kulalamika kwamba nimezipanga bakuli zake kwa ukubwa.

Tuje kwenye Mkusanyo. Kosa lako ni kuanza mwanzo. Ule si hadithi, na mtu akiusoma kama hadithi atazeeka kabla hajafika kwenye risasi ya kwanza. Anza nyuma, faili ya nne, kurasa za njano. Hiyo ndiyo faharasa. Tafuta humo jambo lililo mbele yako mezani sasa hivi, wala si jambo unalohofia litatokea baadaye. Namba ya kwanza ni sehemu, ya pili ni kanuni: 2.14 ni sehemu ya pili, kanuni ya kumi na nne. Ukipotea kabisa, rudi sehemu ya kwanza kwenye ukurasa wenye doa la chai. Doa hilo ni langu. Utakuta hatua tano za kila zamu: amri, mwendo, ujumbe, mashambulizi, ujasiri. Usipekue kanuni ya hatua ambayo hujaifikia. Wengi wanaochanganyikiwa, wamechanganyikiwa kwa haraka yao.

Kanuni mbili zikigombana, iliyoandikwa kwa ajili ya mahali fulani inaishinda ya jumla, na mpya inaishinda ya zamani. Ukiona nyota, jua kanuni hiyo ilibadilishwa. Ukiona mshale, soma na hiyo inayoelekezwa kabla hujarusha dadu. Maneno yaliyozungushiwa sanduku ni mfano, na mfano si kanuni. Kaka alipenda mifano kuliko kanuni, kwa hiyo jihadhari. Pia tazama sana panapoandikwa "huweza" na panapoandikwa "lazima". Tumegombana mimi na yeye miezi minne, kwa barua, kwa sababu ya hayo mawili.

Sehemu ya tano, ya ujumbe, iruke. Imebadilishwa mno na haitakusaidia kitu. Ikifika zamu yangu andika "amepita", meza ivunjwe, mama yako ahame kwa amani.

Na hao walioko kiwandani usiwahesabu-hesabu. Mtu akizoea kuhesabu, kuacha ni kazi.

Msalimie shemeji yangu.

Baba yako mdogo


15 Machi

Baba mdogo, shikamoo.

Sare nimezimaliza. Mwalimu mkuu kazipokea bila kusema asante, ila hakurudisha hata moja, nami nikahesabu hiyo kuwa asante. Mama ameanza kufunga vyombo. Anafunga vikombe leo, kesho anavifungua tupate cha kunywea.

Nakushukuru kwa mafunzo. Kurasa za njano zimeniokoa. Bado nafanya madudu: nilisoma mfano nikaufanya kanuni, askari wangu mmoja akala chakula cha siku tatu kwa zamu moja, na gari likapita katikati ya kilima. Lakini sasa najua kutafuta. Nafuata hatua zangu tano huku kidole kikiwa kwenye doa lako la chai.

Nimecheza vita nzima mara nne, mchana, mama akiwa kajinyoosha kidogo. Nimeruka sehemu ya tano ulivyosema. Baba mdogo, hairukiki. Kanuni 1.9 inasema: "Waliomo kiwandani hawaondoki bila amri ya maandishi." Na amri ya maandishi haiwezi kufika ila kwa ujumbe, na ujumbe uko sehemu ya tano. Kwa hiyo wanakaa tu. Nawarushia dadu, nawalaza ubavu mmoja mmoja kama kanuni inavyotaka, na zamu ya kumi na nne ikifika wamebaki wanne.

Mara zote nne, wanne. Nimebadilisha dadu, nimeazima hata za ludo kwa watoto wa jirani. Wanne. Na kila mara mmoja wao ni yule sajini anayesimama mlangoni, uso wake umeelekea barabarani. Jana nilimgeuza atazame ukuta. Leo nilipoingia nilijishtukia namgeuza tena kule alikokuwa, sijui kwa nini.

Baba hakutusimulia vita yake. Tunalojua ni mguu wake ulioumia huko, na kwamba alirudi na wenzake watatu. Yeye na watatu ni wanne. Hii si vita ya kubuni, sivyo? Ni ile yenyewe. Najua nawe ulikuwa jeshini. Siku hiyo ulikuwa wapi?

Na yule wa kwenye kalvati hukunijibu.

Sindano


20 Aprili

Sindano,

Marahaba. Hatujambo. Mvua imetoboa paa la jikoni.

Mimi nilikuwa tarishi wa makao makuu, na yaliyotokea kila mtu anayajua. Nilipewa ujumbe, baiskeli ikapigwa, njia ilikuwa imefungwa kwa risasi, nikarudi. Yameandikwa. Vita ile ilikwisha hata mama yako hajamjua baba yako, na sioni faida ya binti mzima mwenye kazi yake kukaa mchana kutwa anaua watu wa udongo.

Ukubwa wa meza si hoja. Mwite seremala aje na msumeno. Faili zichome.

Yule wa kwenye kalvati usimtoe.

Baba yako mdogo


4 Mei

Baba mdogo, shikamoo.

Mama hajambo, anakusalimu. Anasema nikuombe radhi kabla sijasema kitu, kwa sababu ananijua. Basi niwie radhi. Sikuchoma.

Ulinifundisha mengi ila moja hukulisema, kwamba baba hakufuta kitu. Alipobadilisha kanuni hakuandika upya, alibandika ukanda wa karatasi juu ya ile ya zamani. Nyingi zina ukanda mmoja. Kanuni 5.12, yenye kichwa "Tarishi", ni nene kama kadi. Nilipoipapasa nilijua ina tabaka, maana kupapasa tabaka ndiyo kazi yangu. Nikawasha pasi ya mvuke, nikaifukizia taratibu, nikabandua. Kanda saba, kila moja na mwaka wake pembeni kwa penseli, miaka saba mfululizo. Nakunakilia kuanzia chini.

Ya asili, kwenye ukurasa wenyewe: "Tarishi aliyepewa ujumbe huenda mpaka afike."

Ukanda wa kwanza: "Tarishi hurusha dadu. Akipata mbili na zaidi, anafika."

Wa pili: "Nne na zaidi."

Wa tatu: "Sita tu."

Wa nne: "Sita, mara mbili mfululizo."

Wa tano: "Hakuna tarishi awezaye kulivuka bonde hili mchana. Aliyemtuma alikosea."

Wa sita: "Tarishi asiyeweza kuvuka huingia kalvatini. Humo halengwi wala hapotezi alama."

Wa saba, uliokuwa juu: "Aliyemo kalvatini hatolewi na mtu mwingine. Hutoka kwa zamu yake mwenyewe, hata ikichelewa."

Nilikaa chini sakafuni. Pasi ilikuwa inafuka, chumba kikajaa harufu ya gundi ya baba, ile ile aliyokuwa nayo mikononi akiniogesha. Kwa sekunde kadhaa sikuthubutu kutazama kiti chake.

Baba mdogo, mimi ni mshonaji. Najua nguo inavyoonekana ikiwa imefumuliwa mshono na kupanuliwa mara saba ili mtu mmoja aweze kuingia. Baba alikuwa anampanulia mtu. Mimi sihukumu, nilikuwa sijazaliwa. Lakini nyumba inatakiwa mwisho wa Julai, na nilimwambia baba sawa. Bila wewe siwezi kuitimiza. Kanuni yenyewe inakataa.

Binti yako,
Sindano


12 Juni

Baba mdogo, shikamoo.

Mwezi umepita na siku zake. Kama barua ilipotea niambie, nitanakili tena. Kama haikupotea, niambie umzima tu, hayo mengine basi. Isije ikawa mama mdogo ndiye atakayetupigia simu na habari mbaya.

Sindano


29 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Barua haikupotea. Mikononi mwangu barua hazipotei, na ndilo jambo linalonitia aibu zaidi.

Nina bahasha saba za baba yako kwenye kopo la biskuti. Tulikuwa tumezoea kucheza vita vya kubuni kwa barua, mpaka miaka kumi na moja iliyopita akaniletea ramani ya kiwanda, akaandika, "Zamu yako. Wewe ni tarishi." Sikujibu. Mwaka uliofuata ikaja bahasha, na kila mwaka nyingine, mpaka zikawa saba, kisha akanyamaza. Sikufungua hata moja. Nilidhani ananidai jibu. Nilimwandikia habari za mvua na goti, naye akanijibu habari za mvua na mguu, tukawa ndugu wa namna hiyo mpaka akafa. Ulipoandika zile kanda saba nilijua ndani ya kopo kuna nini. Wiki iliyopita nilizifungua, mama mdogo akiwa amekaa pembeni. Ni maneno yale yale, neno kwa neno. Nililia mbele ya mke wangu, jambo ambalo hajawahi kuliona tangu nimuoe.

Sasa sikiliza, nitasema mara moja. Baiskeli haikupigwa. Niliisukuma mwenyewe mtaroni. Kulikuwa na risasi, ndiyo, lakini kule mbele, na njia ya pembeni ilikuwa wazi. Nilikuwa naliona tanuru. Niliingia kwenye kalvati ili nipumue kidogo, nikabaki humo nimeinama mpaka asubuhi yake. Maji yalinifika magotini. Nilikuwa nikisikia kila kitu kinachotoka kiwandani, na kilipoacha kusikika ndipo ikawa vibaya zaidi. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa shati. Imeandikwa: "Ondokeni sasa. Msingoje." Kaka, sajini wao, alikuwa mtu wa kanuni, bila karatasi ile asingeondoka, nami nililijua hilo nikiwa mle ndani.

Nilimkuta hospitali, mguu umefungwa. Nikamweleza habari ya baiskeli iliyopigwa. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki mbili, na suruali yangu ilikuwa imelowa hadi magotini, juu kavu. Akaitazama suruali. Halafu akasema, "Pole, mdogo wangu." Hakuuliza tena kitu maisha yake yote.

Baada ya hapo nikaomba kazi posta. Watu walidhani napenda kazi. Miaka thelathini nilihakikisha kila karatasi inamfikia mwenyewe, nikisema labda zikifika nyingi za kutosha ile moja itanyamaza. Haijanyamaza. Nikipita mahali maji yanapotiririka chini ya barabara, navuka upande wa pili. Nikipanga kitu chochote, nikifika cha kumi na tisa mkono unasimama.

Zamu yangu nitaicheza. Sitaituma kwa posta. Nakuja na basi la tarehe ishirini Julai, na karatasi ninayo, sijaitupa. Usinirushie dadu kabla sijafika. Mwambie shemeji asipike chochote, na mwambie pia yote niliyoandika hapa, kwa sababu mimi usoni pake sitaweza.

Baba yako mdogo


2 Agosti

Baba mdogo, shikamoo.

Natumaini ulifika salama na mama mdogo hakukugombeza kwa kusahau koti. Lipo, nimelikazia na vifungo, nitakuletea mwenyewe. Mama amezoea kwangu. Amekwisha kuwaambia majirani kwamba mimi sijui kufagia.

Sikukusemesha sana ulipokuwa hapa, nawe hukutaka. Ulivua viatu mlangoni, ukaomba tukuache, tukakaa jikoni kuanzia saa tatu. Tulisikia dadu mara nyingi. Tulikusikia ukihesabu, ukifika kumi na tisa unaanza tena. Mama alikuwa anajua kila kitu, nilimsomea, na alichosema ni, "Apewe maji akitoka." Ulipotoka ilikuwa saa saba kasoro. Ulisema, "Nimefika zamu ya kumi na nne. Wamebaki wanne." Mama akakupa maji, ukanywa umesimama.

Nilingoja uondoke ndipo nikaingia. Nilidhani utakuwa umewaokoa. Nani angekulaumu, ulikuwa peke yako na meza. Lakini walikuwa wamelala ubavu kumi na watano, kama kanuni inavyosema, na tarishi amesimama mlangoni mbele ya sajini, na karatasi yako iko chini ya miguu yao wote wawili. Kwa mara ya kwanza sikubisha hodi, na nilipotoka niliuacha mlango wazi. Mama akapita pale akizungumza kwa sauti yake ya kawaida, habari za sufuria.

Seremala alikuja siku ya tatu na msumeno. Nilimwomba kwanza nitoe askari na karatasi. Wote ninao, ndani ya kopo la vifungo, na faili nne ziko juu ya kabati langu. Nilipomaliza, nikaing'oa kalvati ili isivunjike. Pamba aliyokuwa amelalia tarishi ilikuwa imegandishwa, nikaifukizia mvuke kwa mazoea, ikabanduka. Chini yake, kwenye ubao, pana mwandiko wa baba kwa penseli, mdogo sana, mahali ambapo mchezaji asingeweza kuona bila kuivunja meza yote.

Hauna namba ya kanuni, hauna nyota wala mshale. Nimebandua kwa kisu ganda jembamba la ubao ule na nalitia humu ndani ya bahasha, lakini nakuandikia pia, isije ikafutika njiani:

"Alikuwa na miaka kumi na saba. Mimi ndiye niliyemwandikisha jeshini."

Binti yako,
Sindano